Bobini Kumi na Mbili

Jumanne, saa nne asubuhi, fundi cherehani alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini nne mdomoni, akipima pindo la sketi ya mteja wake wa siku nyingi, mama mmoja anayeandikisha wagonjwa pale zahanati. Mteja alikuwa amesimama juu ya stuli. Mtu aliyesimamishwa juu ya stuli hana la kufanya, kwa hiyo akaanza kusema.

"Fundi, usinikasirikie. Wanasema kuna simu huko mjini zinalia kwa sauti ya mwanao."

Fundi hakujibu, kwa sababu ya pini.

"Mimi sijui, nimesikia tu. Wanasema kule benki mtu kapigiwa akiwa kwenye foleni, simu ikalia kama binti anayeimba, halafu ile sauti inakatika. Foleni nzima ikacheka. Aliyeniambia anaapa sauti si ya mwingine, ni ya yule mtoto wako anayeimba akishona vifungo. Hebu angalia hapa nyuma, naona kama panashuka."

Fundi alipandisha nyuma, akachomeka pini ya mwisho, akasema sketi itakuwa tayari Ijumaa. Mteja akaenda zake. Uvumi ukabaki. Ulikaa kichwani mwa fundi kama inzi ndani ya chupa, na kabla ya saa sita alikata mikono miwili ya shati, yote miwili ya kushoto.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na tisa, na ile ilikuwa siku ya kumi na mbili hana sauti. Hayakuwa mafua. Aliamka Ijumaa akamwomba mama yake sukari kwa midomo tu, na mama akamwambia aache mchezo, na haukuwa mchezo. Walikwenda zahanati. Muuguzi alimmulika kooni kwa tochi, akamwambia aseme aaa, akasubiri, akazima tochi.

"Koo zima kabisa," muuguzi alisema. "Sauti ndiyo haipo. Mara ya mwisho uliitumia wapi, mdogo wangu?"

Binti aliandika kwenye kiganja chake kwamba aliirekodi kwenye simu akawatumia watu.

"Ulituma nakala au yenyewe?"

Binti akainua mabega.

"Ndiyo hayo. Mnatuma yenyewe, hambakizi kitu." Akaandika kwenye kadi: Sauti imetumwa. Arudi baada ya wiki mbili. Akaita mgonjwa mwingine.

Baba wa binti alikuwa akiendesha lori la saruji na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Alipopewa habari kwa simu alisema, "Mpe niongee naye." Akapewa. Alisikiliza pumzi za mwanawe kwa dakika sita, kisha akasema haya, mama, salimia wenzako.

Wiki mbili za muuguzi zilikuwa nyingi mno kwa nyumba ile. Binti alikuwa amepata kazi kituo kikuu cha mabasi, kutangaza safari kwenye kipaza sauti, kuanzia tarehe mosi. Siku ya majaribio walimpa orodha ya mabasi ya alfajiri aisome, na wasafiri waliokuwa wamelala kwenye mabenchi waliamka bila kukasirika. Msimamizi alisema miaka ishirini hapo kituoni hajawahi kuona jambo hilo. Jumanne ile, mpaka tarehe mosi, zilikuwa zimebaki siku tisa.

Baada ya mteja wa sketi kuondoka, fundi alimwambia binti yake alete simu. Binti akaileta, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akafungua kundi, akaenda kusimama dirishani.

Lilikuwa kundi la mashabiki wa mwimbaji mmoja. Walikuwa watu mia tatu na arobaini, wa miji mbalimbali, na hawakuwa wamewahi kuonana. Walijuana kwa majina ya kundi tu. Aliyelianzisha alijiita Rais. Binti wa fundi alijiita Sindano. Kundi lilikuwa na desturi yake ya kila Alhamisi: mwanachama mmoja anarekodi wimbo kwa sauti yake, anautuma, wengine wanampima. Akiimba vizuri anavishwa taji la kuchorwa. Akikosea, anazikwa. Kumzika maana yake waliandika rambirambi, wakatuma picha za mashada, wakataja marehemu aliugua nini na ameacha nani. Asiyewahi kutuma sauti hakuhesabiwa mwenyeji. Waliyapenda maziko yale kuliko nyimbo zenyewe.

Sindano aliimba wimbo mkubwa wa mwimbaji, ule wenye mahali pa juu sana karibu na mwisho. Aliimba vizuri tangu mwanzo. Alipofika pale juu, sauti ilikatika kama uzi mbovu. Rais alikata zile sekunde nne za kukatika akazifanya mlio wa simu, akaagiza kila mwanachama auweke mlio huo mpaka maziko yanayofuata. Maziko yaliyofuata yalifika, lakini marehemu wa Alhamisi hiyo hakukatika vizuri kama Sindano, kwa hiyo mlio ukabaki.

Fundi aliishia darasa la saba na alisoma kwa kidole, midomo ikicheza. Alisoma rambirambi zote, kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi na moja jioni. Moja aliisoma mara mbili. Iliandikwa na mtu aliyejiita Kofia: Marehemu ameacha mama mmoja na glasi tatu zilizopasuka.

Chini kabisa palikuwa na mwaliko wa Rais. Jumamosi na Jumapili hiyo wanachama wanaoweza wangekutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza. Nyumba ni ya shangazi yake, shangazi amesafiri. Kila mtu aje na shuka lake na kikombe chake. Picha zisiwadanganye, watatambuana kwa majina ya kundi.

Binti alichukua chaki ya kuchorea vitambaa akaandika juu ya meza: Usiende, mama.

"Siendi kugombana," fundi alisema. "Naenda kuchukua kitu chetu."

Jumamosi asubuhi alifungasha shuka, kikombe, mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, na kopo la bobini, vile vichuma vya duara vinavyokaa na uzi chini ya cherehani. Bobini moja ingemtosha kwa kazi aliyokusudia. Lakini kopo lilikuwa na kumi na mbili, zote tupu, naye hakuona sababu ya kuzitoa.

Nyumba ya shangazi ilikuwa na geti la kijani, kibaraza chenye viti vya plastiki, na sebule yenye kabati la vioo lililofungwa kwa ufunguo. Wageni walikuwa kumi na wawili pamoja na Rais. Walikaa sebuleni kwa duara, kila mmoja ameinamia simu yake, wakiandikiana. Aliyetaka kifungua chupa aliandika kifungua chupa, na jirani yake akasoma akampa. Kicheko kilitokea mara kwa mara bila neno kutangulia. Zaidi ya hapo palikuwa kimya kama chumba cha mtihani.

"Mimi ni Sindano," fundi alisema mlangoni.

Rais alikuwa kijana mrefu, kazi yake kusoma mita za maji za watu. Alimtazama mgeni kuanzia kilemba mpaka kandambili.

"Shikamoo, Sindano," alisema. "Sisi tulitegemea ya kushonea hariri, kumbe ni ya magunia!"

Sebule nzima ikaangua kicheko.

"Marahaba," fundi alisema. "Magunia nayo yanashonwa."

"Ngoja, ngoja," alisema dada mmoja aliyevaa hereni kubwa. Huyo alikuwa muuza viatu, na ndiye Kofia, ingawa kichwa chake kilikuwa wazi. "Ile sauti ya kitoto vile ni yako, mama?"

"Ni ya mwanangu. Mimi ni mama yake."

"Eh! Kumbe marehemu ana mama kweli!" Kofia akampiga jirani yake pajani. "Na mimi nilibahatisha tu, jamani!"

Walimpa kiti karibu na mlango wa jikoni. Fundi alisubiri mpaka chai ikanywewa, kisha akasimama akasema lililomleta. Alisema kwamba mwanawe alituma sauti yenyewe na hakubakiza nakala. Kwamba ikitoka kwenye simu za watu itarudi kwa mwenyewe. Kwamba zimebaki siku tano mtoto aanze kazi, na kazi yenyewe ni ya sauti. Aliwaomba waifute, na wawaambie wenzao wengine waifute.

Hakuna aliyebisha.

"Ndiyo maana kwangu inalia safi namna hii," alisema mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mpole wa miwani, ambaye kwenye kundi aliitwa Ubeti wa Pili kwa sababu alikumbuka beti ambazo wengine walizisahau. "Nilisema moyoni, hii haiwezi kuwa nakala. Lakini jamani, mama ana hoja."

"Mama, huu ni utani tu," Rais alisema. "Hata mimi nilizikwa mwaka jana. Nilikufa, nikaoza, nikafufuka, sasa ni Rais."

Wakacheka.

"Ulipozikwa, sauti yako ilikwenda wapi?"

"Mimi? Nilituma nakala. Mimi siyo mjinga, mama yangu."

Rais akasema kundi lina taratibu zake na jambo hilo litapigiwa kura. Wakapiga kura kwenye simu, ingawa wote walikuwa chumba kimoja na magoti yaligusana. Fundi alipiga kwa simu ya binti yake, aliyokuja nayo. Baada ya dakika moja matokeo yakatokea: wa kufuta, mmoja. Wa kuacha, kumi na wawili. Ubeti wa Pili alifuta miwani yake kwa shati akaitazama dari.

Mchana walikula wali na kuku. Kwa kuwa fundi alikuwa mama pekee ndani ya nyumba, vyombo vilimfuata. Hakuna aliyemwambia aoshe. Walimpitishia tu sahani mlangoni, mmoja baada ya mwingine, wakisema asante mama, asante Sindano, na mwingine akauliza kama kuna sabuni ya mikono. Aliosha sahani kumi na tatu, akazipanga zikauke, akafuta mikono kwenye gauni lake.

Saa kumi Rais aliwakusanya tena. Alitangaza kwamba kwa heshima ya mama aliyetoka mbali, kundi litamfanyia binti yake maziko ya hadhara, kitu ambacho hakijawahi kufanyika. Simu zote zikapangwa juu ya meza ya shangazi, juu ya kitambaa cha kufuma. Mwanachama mmoja wa mji mwingine alikuwa ameombwa apige simu ya kundi zima saa kumi na dakika tano. Akapiga.

Simu kumi na mbili zililia kwa pamoja. Sauti ilitoka, na fundi akaitambua kama mtu anavyotambua hatua za mwanawe mlangoni kabla hajabisha. Alikuwa amekwisha shika bobini. Sauti nayo ilimtambua, ikamwendea bila kusita. Lakini ilimjia vipande vipande, kila kipande cha sekunde nne, kumi na viwili sawasawa, vyote vya mahali palepale pa kukatika. Alijaribu kuunga ncha na ncha. Zikateleza. Kila fundi anajua kwamba vipande vifupi, hata viwe vingi namna gani, havitoi uzi, na vilivyosalia vilikuwa kwenye simu nyingine mia tatu na zaidi, katika nyumba asizozijua. Vile kumi na viwili vilizunguka kidogo juu ya bobini, vikalegea, vikarudi kila kimoja kwenye simu yake.

Wao walikuwa wakicheka. Rais alikuwa akisoma rambirambi kwa sauti ya mazishi, na kila alipotulia walicheka upya, vichwa nyuma, vinywa wazi, machozi yakiwatoka.

Mtu anapocheka hivyo, sauti yake hutoka nje kidogo. Ncha yake huning'inia kwenye mdomo wa chini kama uzi uliosahauliwa kwenye pindo. Mafundi wengi wameshaiona ncha hiyo. Huwa hawaigusi, kwa adabu.

Fundi alianza na Kofia. Alishika ncha kwa vidole viwili, akavuta taratibu kama anavyofumua mshono wa mteja, akaukata uzi kwenye shina kwa ule mkasi mdogo, akauzungushia kwenye bobini. Ulikuwa uzi wa kung'aa, wa nailoni, wenye kuteleza. Akaenda kwa aliyefuata. Wa Ubeti wa Pili ulikuwa mwembamba, umejaa mafundo, na kila fundo lilisema lakini. Hakuna aliyemzuia. Alipita nyuma ya viti kama mtu anayekusanya vikombe, nao walikwisha zoea kwamba yeye ndiye anayekusanya vikombe. Wa mwisho alikuwa Rais. Uzi wake ulikuwa mrefu kuliko nyuzi zote, umepakwa nta, na ulimchosha mkono. Ulipokwisha, sebule nzima ilikuwa ikicheka bila mlio, mabega tu yakiruka, na wakasikika mbu dirishani.

Fundi alifunga kopo, akarudi kwenye kiti chake karibu na jikoni, akaliweka mapajani. Alisikia utamu. Mtu asidanganye kwamba kisasi hakina utamu. Kina utamu kama muwa, nao mtu huutafuna akijua makapi yako mbele.

Alisubiri mmoja wao ashtuke. Rais alifungua kinywa kutangaza keki. Hakikutoka kitu. Alisubiri kidogo kama mtu anayepisha chafya, kisha akachukua simu yake mezani akaandika: Keki tayari. Wote wakasoma, wote wakaenda. Keki ikakatwa. Picha zikapigwa. Jua likashuka, wakalala kwenye mashuka yao, na hakuna aliyekuwa ameona tofauti yoyote.

Waligundua Jumapili asubuhi. Kofia alikuwa akipiga mswaki mbele ya kioo, akataka kuimba kama alivyozoea, akaona hakuna. Akaandika kwenye kundi: Jamani sina sauti, na nyie? Kila mmoja akajaribu yake. Wakaandika hapana, hapana, hapana, hapana. Kofia akaandika kwamba afadhali, maana wateja wa viatu humchosha kwa maswali. Ubeti wa Pili akaandika kwamba yeye ubao unamtosha. Mwingine akaandika kwamba mama mkwe wake atafurahi sana. Mia tatu walioko miji mingine wakawatumia taji.

Fundi akasimama katikati ya sebule.

"Sauti zenu ninazo mimi," alisema, akatikisa kopo. "Zipo humu zote, nimezikata jana mkicheka. Nirudishieni ya mwanangu, nami nitawarudishia zenu, hapa hapa, sasa hivi. Mkikataa, naondoka nazo."

Walitazamana. Rais aliandika kwa muda, kisha akamletea simu asome. Alisoma kwa kidole. Ilisema: Kaa nazo mama. Hatukuwa tunazitumia.

Kisha Rais akataka kumwita Ubeti wa Pili, aliyekuwa bustanini. Kwa mazoea alifungua kinywa. Akakifunga. Akainua simu dirishani, akabonyeza, na sekunde nne za binti wa fundi zikalia nje ya nyumba. Ubeti wa Pili akageuka, akaja. Wakaona inafaa. Mpaka saa sita mchana walikuwa wakiitana kwa mlio huo kutoka chumba hadi chumba: njoo, subiri, choo kina mtu, nani kachukua taulo langu. Rais akawaandikia wanachama wote kwamba mlio sasa ni wa kudumu.

Fundi alikunja shuka lake, akachukua kikombe chake, akaondoka. Hadi getini alisikia sauti ya mwanawe ikikatika nyuma yake. Mtu fulani alikuwa akimuaga.

Nyumbani binti alikuwa mezani na sanduku la vifungo. Fundi alifungua kopo, akapanga bobini juu ya meza.

"Chagua," alisema. "Hii ya mwalimu ina mafundo, lakini nitayafungua. Hii ya msoma mita ni ndefu, tutaipunguza. Utaanza kazi nayo, ukizoea hakuna atakayejua."

Binti alizitazama. Kwa kumridhisha mama yake alichukua ya Kofia, akaweka ncha ulimini, akajaribu kusema asante, mama. Kilichotoka kilikuwa: "Marehemu ameacha mama mmoja." Kilitoka kwa furaha, kama Kofia alivyokiandika. Binti akauvuta uzi ukatoka wote, akaurudisha kwenye bobini, akaenda kusukutua. Aliporudi alichukua chaki.

Yangu uliipata? aliandika.

"Niliisikia," mama yake alisema.

Tarehe mosi kituo cha mabasi kilimpa kazi msichana mwingine. Ni msichana mzuri, hana makosa, lakini wasafiri hawamsikilizi, kwa hiyo msimamizi alitafuta mlio wa kuwatuliza kabla ya kila tangazo. Fundi umeme wa kituo alikuwa na mmoja kwenye simu yake. Siku hizi, kuanzia basi la alfajiri mpaka la jioni, zinalia kwanza zile sekunde nne, watu wananyamaza, kisha msichana anasoma.

Fundi alikaa na bobini zile wiki mbili bila kujua azifanyie nini. Halafu akashona zulia dogo la kufutia miguu, la viraka vigumu vya jinzi, na mshono wote akaushona kwa uzi wa Rais. Akaliweka mlangoni. Kila mteja anapofuta viatu, zulia linasema: "Utani tu, mama, huu ni utani tu."

"Fundi, zulia lako linaongea," alisema mama wa zahanati alipokuja kuchukua sketi yake, iliyochelewa.

"Ndiyo. Futa vizuri, nje kuna tope."

Akafuta vizuri. Wengine nao hufuta vizuri. Uzi wa Kofia fundi ameushonea kitambaa cha kushikia sufuria za moto. Wa mwalimu ameufungia mfuko wa takataka, unasema lakini, lakini, mpaka gari la taka linapokuja. Zilizobaki ana mipango nazo. Anaifikiria akikata nguo, na siku hizi hakosei tena mikono ya mashati.

Rais bado anasoma mita. Huinua simu yake getini kwa watu, inalia, wanamfungulia. Kundi sasa lina watu elfu moja na mia mbili, na Alhamisi wanazika kama kawaida. Binti anashona vifungo. Huweka kifungo, huchoma sindano, huvuta uzi, na pale alipozoea kuanza kuimba huwa anasimama kidogo, kisha anaendelea na kifungo kinachofuata.

Mzazi mwenzangu, mimi ninayesimulia nimekuandikia haya uyabandike mahali mtoto atayaona. Mambo ya kuepuka ni haya:

Asitume sauti yenyewe. Atume nakala, na nakala nayo aitumie watu anaowajua nyuso.

Asijiunge na kundi lenye rais.

Asikubali kupimwa na watu ambao yeye hawezi kuwapima.

Asiende kwenye nyumba ambayo mwenyewe amesafiri.

Wewe mzazi usiende kuomba mbele ya watu wengi. Mmoja mmoja wana haya, wakiwa kumi na wawili hawana.

Usioshe vyombo vyao.

Usikate kitu cha mtu kabla hujajua kama anakihitaji.

Usimvishe mtoto sauti ya aliyemcheka.

Usipite kituo cha mabasi ukiwa naye. Zunguka nyuma.

Wakija kuomba sauti zao, usiwafungulie. Kwa fundi bado hawajaja.